Beberu Wangu Hakuhesabiwa

Jumatatu, 4 Septemba 1905
Nimempoteza beberu wangu Jumamosi alasiri. Kapigwa risasi ya kifua, bado kalowa dawa ya kuzuia risasi! Shemeji Salum, kaka wa mke wangu, ndiye mgawa maji. Ndiye aliyemwomba kwa majaribio. Nimedai fidia. Hakuna. Eti beberu alivunja miiko. Mwenye dawa haruhusiwi kulala na mke, na wangu alionekana kwa majike usiku wa Ijumaa. Jaribio halihesabiwi. Nani alimsomea miiko?

Jumanne, 5
Mimi si wa kuonewa. Hesabu nimejifundisha mwenyewe, kwa kupima nta. Jaribio moja lina ubishi; nikiyachanganya yote, Salum hana pa kuchomokea. Nimewahoji wapita njia. Hapa kwetu mabeberu watatu, kapona mmoja. Ruhuwiko wanne, kapona mmoja. Namasakata watano, wamepona wawili. Jumla kumi na wawili; wamekufa wanane. Waliokufa wote, eti, walivunja miiko. Nikauliza wamejuaje. Wamejua kwa sababu walikufa.

Jumatano, 6
Salum kaja na adabu zake zote. Vijana wanasitasita kuliendea boma la Wadachi. Wanataka hesabu, tena kutoka kwangu. Nikiwaacha wavunja miiko nje, napata mbuzi jike mwenye mimba. Nimefikiri. Si sana. Wamebaki wanne, wamepona wanne. Hesabu safi kabisa!

Alhamisi, 7
Nimetangaza mbele ya watu. Vigelegele. Wa kwanza kunywa dawa: Iddi, mdogo wangu wa tumbo moja! Nikamvuta kando, nikamwambia yote. Wanane walikufa. Na mmoja wa wale wanne, bunduki haikuwaka.
"Kaka, wale ni mbuzi," akasema. "Mimi nitajizuia."
Nikasema basi nimekosea hesabu. Akacheka, kwamba tangu lini. Kaondoka na wenzake. Mama hanisemeshi.

Jumapili, 10
Walikwenda kumi na tisa. Wamerudi saba. Iddi hajaonekana, sijui nimweke upande gani. Mama kakaa njiani tangu alfajiri, chakula hagusi.
Salum anataka hesabu mpya. Vijana wa Peramiho wanasubiri. Na jike wa kwanza hajaniletea bado! Nimempelekea neno: hesabu hii ni majike wawili, wote kwa pamoja, na safari hii nawachagua mwenyewe. Anatoa au hatoi? Anijibu kabla ya adhuhuri kesho.