Dorkasi wa Shume na Majiko Mawili

Tegeni masikio, enyi wana wa milimani na wa tambarare, mlioshiba na mnaongoja kushiba, mpate kusikia jinsi Dorkasi binti Abrahamu, mpanga zamu wa kiwanda cha mbao, simba jike wa Shume, alivyopigana na saa akiwa na majiko mawili tu, na saa ikasalimu amri.

Ilikuwa Jumapili ya kipaimara. Wageni walikuwa wanapanda kutoka Mazinde, na kumbukumbu zao zilikuwa kali, maana miaka miwili mfululizo usharika wa Shume uliwalisha saa kumi jioni. Safari hii waliahidiwa saa saba. Kumbe mvua imelibomoa jiko la tatu, na sasa ni saa tatu na nusu, hata moto haujakolea.

Mzee Nikodemo, mwenyekiti wa kamati, jemadari wa karamu kumi na tisa, akaamuru ianze chai, kisha kabichi, kisha ndizi, kwa hoja kwamba askari mwenye busara huwamaliza kwanza maadui wadogo. Kumpinga mzee mbele ya akina mama wote si mchezo. Lakini kiwandani, magogo mia yakigombea msumeno mmoja, alikuwa amejifunza jambo. Akapiga goti.

“Shikamoo, mzee wangu. Naomba tusiulize kazi ipi ni fupi. Tuulize ipi ina mkia mrefu nyuma yake. Pilau inangoja supu ya nyama. Nyama ikichelewa, pilau imechelewa, nasi tumeaibika. Chai haingojwi na chochote ila kikombe.”

Mzee akayatazama majiko kama atazamaye mpaka wa nchi.

“Marahaba,” akasema. “Lakini tukishindwa, mwanangu, wewe ndiwe utakayesimama kuwaeleza wageni.”

Basi nyama ikapanda jiko la kwanza, maharage la pili, na moshi ukatanda kama vumbi la majeshi. Saa tano na nusu nyama ikashuka kwa heshima, pilau ikatwaa kiti chake. Hapo ndipo maharage yalipoasi. Yalikuwa ya msimu uliopita, magumu kama kokoto. Muda wake ukapita, nayo yakagoma. Yalipolainika ilikuwa saa sita, na jiko lile lilikuwa limebakiwa na muda wa kabichi na chai tu kabla ya saa saba. Ndizi zikabaki hazina pa kwenda.

Akina mama wakamtazama Dorkasi. Naye, jasho likimtiririka, aliangalia ni kipi kilichokuwa tayari kuondoka jikoni. Saa sita na nusu akaamuru pilau ishushwe, ipaliwe makaa chini na juu ya kifuniko, ijimalizie yenyewe pembeni. Jiko likawa wazi. Ndizi zikapanda kwa vigelegele.

Saa saba kamili kila sufuria ilikuwa imeiva. Mzee Nikodemo mwenyewe akanyata hadi madhabahuni na kumnong’oneza mchungaji, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia hoja ya tatu ya mahubiri. Mchungaji, asiamini masikio yake, akaomba aambiwe tena, kisha akafunga Biblia.

Na iandikwe: tangu usharika ule uanzishwe, watu ndio walioingoja karamu. Siku hiyo karamu iliwangoja watu, dakika kumi na nane nzima, na Dorkasi akazikalia zote juu ya ndoo iliyopinduliwa, akinywa chai bila haraka.