Sinema ya Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 2 Agosti

Leo nimeamua. Chumba cha nyuma kitakuwa sinema! Sinema kabisa, giza totoro, picha kubwa kama ukuta. Katika mtaa wetu wote wa Mapendo hakuna mutu mwenye sinema nyumbani kwake. Miye nitakuwa wa kwanza. Jina langu ni Prodige, na aliyenipa hilo jina hakukosea.

Sababu ni Josias. Binamu yangu, ametoka Butembo juzi na valizi yake ya nguo na diplome yake ya shule ndani ya plastiki, ili mvua isiguse akili. Anakuja kuanza université, chuo kikuu, hapa Goma. Mama, anayeuza maharagwe sokoni, anataka kumpa chumba cha nyuma. Chumba changu! Eti mwenye masomo anahitaji utulivu. Na miye? Eti Prodige atalala salon, pale wanapokaa wageni. Kama kiti!

Nikamwambia Mama asiharakishe. Nikamkumbusha video ya jubilei ya korale, kwaya yao ya kanisani. Wamama wote huitazama kwenye telefone moja, vichwa vimebanana kama vitunguu ndani ya kifuko. Nikasema Jumapili wataiona kubwa, wakiwa wamekaa kama wageni wa heshima. Mama akafikiri. Kuna kipande anachoimba peke yake, anakipenda kuliko sisi watoto wake. Akasema bon, Jumapili korale ije. Ikienda vizuri, chumba changu. Ikiharibika, chumba cha Josias, na asisikie kilio.

Josias akacheka kwa Kifaransa. Sijui anafanyaje, lakini anacheka kwa Kifaransa.

Jumanne, 3 Agosti

Nimetengeneza mashine. Kartoni ya viatu, kioo cha kukuzia maandishi cha marehemu babu, telefone ya Mama ndani. Mwanga unatoka kwa telefone, unapita kwenye kioo, unaenda kwenye shuka ukutani. Haya mambo niliyasoma. Ni kweli nilifukuzwa shule katikati ya somo la mwanga, kwa hiyo nusu ya mwanga ninaijua vizuri sana.

Nikajaribu. Korale nzima ikatokea kichwa chini, miguu juu, wanaimba tu. Josias akasema techniquement, yaani kitaalamu, kioo hugeuza picha, hata mutoto anajua. Nikamjibu kwamba nilikuwa ninapima. Nikageuza telefone. Wakasimama sawa! Maandishi ya bendera yao yanasomeka kinyume, lakini nani anaenda sinema kusoma?

Shida ni moja. Nyumba yetu ni ya mbao, na kati ya ubao na ubao jua linaingia bila hodi. Picha inaonekana kama moshi. Nahitaji giza. Giza la ndani ya tumbo.

Jumatano, 4 Agosti

Siku mubaya.

Nimeziba nyufa zote kwa karatasi na uji wa unga wa muhogo. Unashika kuliko gundi ya duka. Nikaenda kunywa maji. Kurudi, kuku wa jirani yetu Muzee Ndayambaje wanakula sinema yangu! Nikaenda kumushtaki kwa ukali. Muzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema kijana, Mungu akubariki kwa kulisha viumbe, kesho uwawekee na mahindi.

Nikaziba upya, mulango umefungwa. Sasa kuta ziwe nyeusi. Josias akasema nenda duka, nunua rangi. Kununua! Hata mupumbavu anaweza kununua. Chini ya gunia la makala la Mama, makaa yake ya kupikia, kuna vumbi jeusi kuliko usiku, tena la bure. Nikalichanganya na maji, nikapaka. Likakauka. Likaanguka chini lote.

Josias aliniletea ufagio. Hiyo ndiyo dharau kubwa kuliko zote.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimepata! Nilikuwa nakula sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mafuta ya mawese, tone la mafuta likaanguka kwenye shati. Mama akapiga kelele, eti mawese hayatoki kwenye nguo hata ufue mpaka Noeli. Nikaacha kutafuna. Kitu kisichotoka kwenye shati kitatokaje kwenye ukuta? Wenye diplome wajibu hapo!

Nikachukua bidoni ya Mama, dumu lake la mafuta. Mawese, vumbi la makala, koroga. Nikapaka kuta, nikapaka mulango, nikapaka mpaka dari. Nyeusi! Inang'aa kidogo, lakini hata miye nang'aa kidogo. Kuku wakaja, wakanusa, wakageuka.

Ushindi wa kwanza.

Ijumaa, 6 Agosti

Asubuhi baridi kali, ukungu mpaka mulangoni. Nikagusa ukuta kwa woga. Mukavu! Mugumu kama jiwe!

Nikamwita Josias aguse. Akapitisha kidole, akakitazama. Kisafi. Akapitisha kingine. Kisafi. Akanyamaza! Nikamwomba anyamaze tena mbele ya Mama, akakataa. Akauliza nimetumia nini. Nikasema siri ya kazi. Hawa watu wa université ukiwaambia kitu, kesho wameandika kitabu.

Mama naye akauliza nani amekunywa mawese yake. Nikamwambia panya wa siku hizi wamekosa adabu.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimeazima mabenchi kwa Muzee Ndayambaje. Nimeyapanga yagusane na kuta, kwa sababu mutu akikaa katikati kichwa chake kinaingia kwenye picha. Kila mugeni ataegemea vizuri, raha yake.

Nimezunguka Mapendo kujisifu. Nimerudi nimechoka kabisa.

Mama amepiga pasi blauzi yake mpya, nyeupe pe. Korale nzima wameshona zinazofanana. Kesho wakitoka kwenye sinema yangu wanaenda moja kwa moja kuimba kwenye ndoa.

Jumapili, 8 Agosti

Ninaandika chini ya kitanda.

Wamama wa korale walikuja baada ya misa. Jua kali, bati linalia juu ya vichwa. Nikawapanga, migongo ukutani, wamebanana. Josias akajipenyeza kwenye pembe na shati lake la université. Nikafunga mulango. Giza! Mama Apolline, mukubwa wa korale, akasema haoni hata dhambi zake.

Nikawasha. Nasema ukweli mtupu: ilikuwa nzuri. Vigelegele! Wakaanza kuimba pamoja na video, kila mutu akijinyooshea kidole. Halafu Mama akatokea, anaimba peke yake, mukubwa kama ukuta. Nilimwona Mama mwenyewe, pale kwenye benchi, akifuta macho. Akanivuta sikio, akanong'ona: mutoto wangu, chumba ni chako.

Maneno yenyewe! Niliyasikia!

Ndipo Mama Apolline akauliza nani anapika sombe. Nikanusa. Mama mwingine akasema jasho lake leo linateremka vibaya mugongoni. Jirani yake akasema yeye pia, tena ni jasho zito. Tone likaniangukia puani. Kutoka darini.

Hapo nikaelewa. Asubuhi za Goma ni baridi, mawese yanalala. Lakini chumba kimefungwa, bati linaungua, korale nzima inapumua kwa sauti ya kwanza na ya pili... Mawese yaliamka.

Nikawaomba turudie video tangu mwanzo. Wakakataa. Nikasema basi mutoke mmoja mmoja, polepole, bila kugeuka. Wakauliza kwa nini. Mulango ukafunguliwa.

Kwa mbele walikuwa malaika. Kwa nyuma... Mungu wangu! Mama Apolline akatazama mugongo wa mwenzake, akacheka mpaka akashika mbavu. Mwenzake akatazama wa Mama Apolline. Kicheko kikaisha. Josias naye akatoka, anatafuta neno la Kifaransa, halipatikani. Techniquement, alikuwa gunia la makala.

Mama hakunitazama. Kengele ya ndoa ilikuwa inalia, hakuna wakati wa kubadilisha nguo. Wakaenda hivyo hivyo. Miye nikabaki chini ya kitanda.

Muzee Ndayambaje, aliyekuwa kwenye ndoa, alikuja jioni kunisimulia, machozi ya kicheko yanamtoka. Wamama waliingia kwa mulango wa sakristia, ule wa nyuma ya altare, wakaimba vizuri ajabu, migongo ukutani. Kufika wakati wa kutoka, wakatoka kinyumenyume kwa mulango ule ule! Wote, wanacheza, wanapunga mikono. Watu wakadhani ni mutindo mpya kutoka Kinshasa. Bwana na bibi harusi nao wakageuka, wakatoka kinyumenyume. Wakwe wakafuata.

Jumatatu, 9 Agosti

Mama hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Alinipa beseni, sabuni, na blauzi za korale nzima. Mikono yangu imekuwa ya mutu mwingine.

Chumba kimepewa Josias. Nikamkumbusha Mama maneno yake ya jana, mutoto wangu, chumba ni chako. Akasema hayo aliyasema gizani.

Josias anakwangua kuta kwa kisu tangu asubuhi. Kila saa anapita mbele ya beseni langu, ananisalimia kwa heshima. Nyoka.

Ninaandika salon. Nimetafakari sana, kwa unyenyekevu, na nimeona kosa liko wapi. Kosa ni la mawese. Mafuta dhaifu, hayana musimamo.

Sasa, Mama anaenda Rutshuru kesho kununua maharagwe. Na nikiangalia vizuri, hii salon ni kubwa kuliko kile chumba. Ukuta ule wa mulangoni ungebeba picha mara mbili! Nimeshaongea na muchinjaji wa pale sokoni, atanipa mafuta ya ng'ombe, ndoo nzima. Nimeyagusa asubuhi hii, baridi ikiwa kali.

Jamani. Magumu kama chuma!