Plagini Inayosikia Nia

Siku ile Mshenga hakuwa na mpango wa kumwibia mtu. Alikuwa akipita zake na begi la miwani ya kusomea isiyosomesha, mvua ikamshika, akajibanza kwenye korido ya studio ya muziki, ghorofani, juu ya duka la rangi. Huko akawakuta wanamuziki wakisubiri zamu zao, wakinong'ona kama wagonjwa kwa daktari.

Jina hilo la Mshenga alipewa na mji, kwa kuwa aliweza kuiozesha bidhaa yoyote kwa mtu yeyote, na ndoa ikishafungwa haonekani tena.

"Ile ya mwezi jana imenisaidia kidogo," alikuwa akisema mpiga besi. "Lakini kuna nyingine imetoka, ya akili bandia. Wanasema inakusafisha mpaka unajisikia umezaliwa upya."

"Na ile ya kabla ya hapo?" akauliza mpiga kinanda.

"Ile ilikuwa nzuri sana. Ila haikufanya kitu."

Mshenga akainua kichwa. Akauliza kwa adabu, wakamweleza: ni plagini, vijiprogramu vya kuchomeka kwenye kompyuta ya kurekodia ili sauti itoke nzuri zaidi. Kila mmoja wao alikuwa nazo za kutosha kufungua duka.

"Sasa huyo aliyekuuzia isiyofanya kitu," Mshenga akamuuliza mpiga besi, "ulimfanya nini?"

Mpiga besi akamshangaa. "Nimfanye nini? Namsubiri atoe toleo jipya."

Katika kazi yake Mshenga alikuwa amekimbizwa na wateja wa kila namna. Wateja waliolizwa, kisha wakapanga foleni kulizwa upya, hakuwahi kuwaona. Ilibidi aketi.

Yeye mwenyewe kompyuta aliijua kwa sura tu, lakini binamu yake alikuwa mchora kadi za mialiko na alijua mambo hayo kiasi. Binamu akatengeneza kidirisha cheusi chenye vitufe vya dhahabu, na katikati duara linalovimba na kunywea kama linapumua. Ndani alitia kazi moja tu: ukibonyeza, sauti inapanda kidogo. Basi. Wakaiita Roho.

"Inafanya nini?" akauliza mwenye studio, mtu wa maneno machache ambaye wote walimwita Fundi.

"Fundi, plagini nyingine zinasikia sauti," Mshenga akasema taratibu. "Hii inasikia nia."

"Nia ya nani?"

"Ya msanii. Kile alichokusudia, kabla koo na vidole havijamwangusha."

Wakaijaribu kwenye besi. Fundi akabonyeza, duara likavimba, besi ikajaa chumba. Mpiga besi akafumba macho.

"Mnaisikia hiyo?" akauliza, karibu kulia.

"Mwenye sikio ataisikia," Mshenga akajibu kwa unyenyekevu.

Tangu hapo hapakuwa na mtu chumbani asiye na sikio. Roho ikauzika kama maji ya baridi wakati wa jua, na hata Fundi, ambaye wiki ile alikuwa na mafua yaliyomziba masikio, akaona asiwe yeye wa kuharibu furaha ya watu.

Kisha akaja Shangazi. Kwa Fundi alikuwa shangazi wa damu, kwa wengine wote shangazi wa heshima. Aliimba hotelini miaka na miaka, na sasa redio moja ilimwomba aurekodi upya wimbo uliomtoa. Tatizo lilikuwa ile noti ya juu, ambayo zamani aliipanda kama ngazi ya nyumbani kwake. Siku hizi ilimkataa. Hakumwambia mtu. Aliuza bangili zake kimyakimya, akanunua Roho, akasimama mbele ya maikrofoni.

Noti ikavunjika. Fundi akabonyeza Roho, akamchezea tena.

Shangazi akasikiliza mpaka mwisho. "Imevunjika vilevile," akasema. "Ila sasa hata wa duka la rangi wameisikia."

Fundi akashtuka. Akaishusha ile sauti mpaka ikalingana na ya awali, akasikiliza zote mbili, tofauti ikatoweka. Akavua vifaa vya masikioni, akamweleza shangazi yake ukweli wote, kisha akatafuta simu apigie polisi.

"Polisi wa nini?" akasema Shangazi. Alikuwa amekunja mikono yake mitupu mapajani. "Mwite aje aimbe."

Mshenga alipofika aliambiwa kwamba Roho inahitaji tangazo, na kwamba hakuna wa kuliimba zaidi ya mwenyewe. Akakataa mara moja, kwa ajili ya adabu, kisha akaimba mistari michache ya mapenzi. Fundi akaingia kazini kwa zana zake halisi. Akainyoosha kila noti iliyopinda, na zote zilikuwa zimepinda. Akaitia sauti uzito, akaitia mwangwi, akaiwekea vinanda chini yake kama mito ya kulalia.

Kwenye spika akatoka mwanamume wa asali na huzuni. Mshenga akashika ukingo wa meza.

"Umeweka nini hapo?"

"Roho tu," akasema Fundi.

Hapa hata adui yake angemwonea huruma. Mnunuzi mwingine angeishukuru plagini, akaenda zake. Lakini Mshenga, tofauti na wanunuzi wake, alijua kwa yakini kwamba Roho haifanyi kitu. Uzuri ule hakuwa na pa kuupeleka isipokuwa kooni mwake mwenyewe.

"Shangazi," akasema, "niambie ukweli."

"Mwanangu, nimeimba miaka mingi. Sijawahi kusikia sauti kama yako."

Na hilo lilikuwa kweli tupu.

Mshenga akaamua kutoa albamu. Akamkodi mpiga besi, akamkodi mpiga kinanda, akakodi waitikiaji, wote wateja wake, na wote, baada ya kunong'onezwa na Fundi, wakawa ghali ghafla. Akamlipa Shangazi awe mlezi wa sauti yake, naye Shangazi akazinunua tena bangili zake. Mshenga mwenyewe akaanza kuvaa skafu na kukataa maji baridi. Binamu alipouliza kama waendelee kuuza Roho, alijibiwa kwamba msanii hafanyi biashara ndogondogo.

Fedha yote ilipokwisha, ukumbi wa kuizindulia albamu ukakodiwa kwa kilichobaki, yaani begi la miwani.

Jumapili mchana Shangazi ndiye aliyefungua onyesho. Alishusha wimbo wake chini kidogo, na alipoifikia noti ya juu ikavunjika mbele ya watu wote. Akaiacha ivunjike, akaendelea nayo hivyohivyo. Watu wakasimama kumpigia makofi.

Kisha akapanda Mshenga. Mwanzoni ukumbi ulidhani anajaribu maikrofoni. Mpiga besi akamtafuta kwenye noti yake, akamkosa. Akamtafuta kwa jirani, hayupo. Mtoto akalia. Mtu mmoja akacheka, kicheko kikapita viti kwa viti mpaka nyuma.

Shangazi alimkuta nyuma ya jukwaa, amekaa juu ya sanduku la spika, skafu mkononi.

"Mlinichezea," akasema Mshenga.

"Tulikuchezea."

"Najua mchezo nikiuona. Mimi ndiye nawachezea watu. Lakini ile sauti, Shangazi. Niliisikia."

"Hata mimi naisikia yangu kila siku, ile ya zamani, humu kichwani. Ndiyo maana nikakupa bangili zangu. Ulidhani mimi mjinga?"

Mshenga akaikunja skafu. Alikuwa amedhani hivyo.

"Njoo kesho asubuhi," akasema Shangazi. "Tutaanza na kupumua."

Akaja kesho yake, na siku zilizofuata. Mwezi ulipokwisha Fundi hakuweza tena kujizuia, akamvuta shangazi yake pembeni.

"Shangazi, kweli ana sauti huyu?"

Shangazi akachungulia kupitia kioo cha chumba cha kurekodia. Mshenga alikuwa amesimama peke yake chumbani, mkono tumboni, akivuta pumzi kama alivyofundishwa.

"Hana," akasema. "Lakini usimwambie. Nataka nisikie atafika wapi."