Mashine ya Mafuta Itawekwa Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshtuka.

Leo nimegundua kwamba mke wangu ni katibu. Katibu wa kikundi! Miezi saba najua anakwenda kwa wenzake kupiga soga. Kumbe wanakamua mafuta ya alizeti, kwa mikono yao, na maduka matatu ya barabara kuu yanayauza. Nimekuwa nikiyala mafuta hayo kila siku. Hata juzi niliyasifu. Nilidhani yametoka kiwandani.

Si hilo tu. Kuna mradi unawaletea mashine ya kukamulia. Ya umeme, ina mota na mkanda, inafika wiki ijayo na haina pa kuwekwa. Haina pa kuwekwa! Na mimi nina uwanja mpana mbele ya nyumba, umekaa bure, una gari bovu la marehemu baba na kuku wa jirani.

Nikakaa chini nikafikiri kiutu uzima. Mashine ikiwa kwangu, mkurugenzi atakuwa nani? Wale akina mama watawezana na mota? Lazima watamhitaji mwanamume mwenye uzoefu. Mimi nimekuwa karani wa bohari miaka kumi na tisa, mpaka walipopunguza watu. Najua kukaa mlangoni. Najua kuuliza watu wanakwenda wapi. Tayari najiona na funguo kiunoni.

Nimemwambia mke wangu kwamba kiwanja changu kipo, wakikitaka. Nimesema huku natazama pembeni, kama mtu asiyejali. Amesema atawafikishia wenzake. Alikuwa anachambua alizeti, hakuinua hata uso.

Jumanne, 4 Machi

Salaale! Kinyozi!

Huyu ni jirani yangu, tumetenganishwa na ua wa mabati tu. Mke wake naye yumo kikundini. Leo asubuhi fundi viatu ameniambia kinyozi ametoa kiwanja chake kwa ajili ya mashine, na anawaambia wateja wamzoee kumwita Meneja. Meneja! Mtu ambaye kipaza sauti cha redio yake kimefungwa kwa uzi! Nimekosa hamu ya chai. Nimekunywa vikombe viwili tu.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu ametoka mkutanoni na masharti. Mashine itakaa kwenye kiwanja ambacho hati yake ina jina la mwanakikundi. Yaani jina la mwanamke.

Kwanza niliruka. Kiwanja nimeachiwa na baba! Halafu nikatulia, nikatafakari. Hati ni nini? Ni karatasi. Karatasi ni ya mke wangu. Na mke wangu ni wa nani? Basi! Hawa watu wa miradi ni wepesi mno kuchezewa. Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akachungulia kuuliza kama naumwa.

Mwenyekiti wao ni shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka. Tangu msiba hatuongei sana. Anapanga chumba kimoja ng'ambo ya barabara, tukikutana ananiamkia vizuri halafu anapita zake. Sijui ananinunia nini.

Alhamisi, 6 Machi

Ofisi ya ardhi. Nimevaa suti.

Karani wa ardhi ni kijana mwenye miwani, hana haraka na maisha. Ameniuliza kama naelewa kwamba nikitia saini kiwanja, na nyumba iliyo juu yake, hakitakuwa changu tena. Nimesema naelewa. Ameuliza tena. Nimesema naelewa. Akauliza mara ya tatu, akiniita mzee wangu, akasema wengine hurudi hapa wakilia. Nikamkonyeza ajue kwamba mimi na yeye tunajuana. Hakukonyeza.

Kumbe kuna kikwazo. Fomu inataka saini ya jirani tunayepakana naye, athibitishe mpaka. Nyuma yangu kuna barabara. Kushoto mtaro. Kulia kinyozi.

Nimerudi kwa njia ya nyuma, nisipite mbele yake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa kinyozi kama mteja. Nimekaa kitini, nimefungwa kitambaa shingoni. Nikasubiri afike kwenye kidevu, maana kinyozi akiwa kwenye kidevu huwa na moyo laini. Nikamwambia nina kafomu kadogo, mambo ya mpaka tu, kautaratibu ka ofisini.

Wembe ukasimama shingoni. Nikaona maisha yangu yote, hayakuwa marefu kama nilivyodhani.

Akafungua droo. Akatoa fomu! Ile ile! Naye anamwandikia mke wake kiwanja, naye anahitaji saini yangu! Alinikwepa siku mbili kwa sababu ile ile niliyomkwepa mimi.

Tukatazamana kwenye kioo. Kila mmoja akajifanya haelewi fomu ya mwenzake ni ya nini. Nikamwambia mimi nafanya kwa mapenzi tu. Akasema naye ni mapenzi. Tukatiliana saini, tukapeana mikono, na kila mmoja akamwona mwenzake mjinga. Mimi niliona sawasawa.

Kwa msisimko alinipitishia mashine kichwani kote. Nimerudi na upara ambao sikuuomba. Mke wangu amenitazama, akaingia jikoni, nikasikia anakohoa kwa muda mrefu.

Jumatatu, 10 Machi

Hati imetoka. Nimemkabidhi mke wangu sebuleni, na hotuba fupi nilitoa. Nilitegemea aniulize chakula gani anipikie.

Amelia! Sikulitegemea hilo hata kidogo. Ameisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata jina lake herufi kwa herufi. Akaisoma tena. Machozi yanamtoka na hayafuti. Akaniambia asante, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe.

Nimeona haya. Nilitaka kumwambia ni karatasi tu, nikaishia kusema karibu.

Baadaye nikamuuliza ameiweka wapi. Amesema mahali pazuri. Nimefungua kabati, nimeinua godoro, nimeangalia ndani ya debe la unga. Sipaoni hapo pazuri.

Alhamisi, 13 Machi

Jamani. Jamani!

Lori limefika saa tatu asubuhi. Mtaa mzima nje. Mimi na suti, kinyozi na koti jeupe jipya. Afisa wa mradi akashuka, binti mdogo mwenye viatu vya kazi. Nikamsogelea nikamwambia kwamba sisi akina baba tumelitimiza sharti lao la hati, kwa moyo mkunjufu.

Akauliza sharti gani.

Nikamweleza. Akacheka kwa adabu. Akasema wao walitaka vitu viwili tu, umeme na nafasi. Hawajawahi kuuliza kiwanja ni cha nani. Hilo la hati litakuwa limetoka kwa kikundi chenyewe.

Kinyozi alishika ua wa mabati. Mimi nikashika kinyozi.

Tukambana mke wa kinyozi, akasema yote. Kumbe ni wao! Shemeji ndiye aliyetoa hoja. Mke wa kinyozi akaiunga mkono. Mke wangu, mke wangu mwenyewe, akaiandika kwenye kitabu cha mikutano na kupiga mstari chini kwa rula. Wamekaa vikao vitatu wanajadili namna ya kutupata, na namna waliyoichagua ni kutuambia kwamba mwenzako amekutangulia!

Hata hivyo mashine imeshushwa kwangu. Kwangu! Kinyozi akatazama chini. Dakika hiyo moja ilinitosha, nikasamehe kila kitu. Nikanyoosha mkono kupokea funguo.

Funguo akapewa shemeji.

Halafu mke wangu akatangaza mbele ya watu kwamba mashine haiwezi kuachwa bila mtu karibu, kwa hiyo shemeji anahamia chumba chetu cha mbele. Kwetu! Chumba ninachosomea gazeti! Nikapandisha sauti. Nikasema hapa ni kwangu, na hakuna mtu atakayeingia bila idhini yangu.

Mke wangu akajipangusa mikono, akanivuta pembeni, karibu na gari la baba. Hakufoka. Bora angefoka.

Akaniuliza kama naikumbuka siku tulipokwenda kwa marehemu kaka, kaburi lake halijakauka, tukamtoa shemeji nyumbani. Akasema nyumba ile shemeji aliiezeka kwa jasho lake mwenyewe, miaka kumi na minne aliishi mle, lakini hati ilikuwa na jina la kaka peke yake, na sisi tukasema mali irudi kwa ukoo. Akasema yeye alikuwa amesimama dirishani, anatuona tunavyotoa vyombo. Akasema aliniona nimeshika mguu wa kitanda.

Nikamwambia mguu mmoja tu! Mitatu walishika baba wadogo!

Akasema ndiyo, mmoja. Akasema tangu siku hiyo, kila akitandika kitanda chetu anawaza ni ndugu yangu yupi atashika mguu upi. Miaka minne anawaza hivyo.

Miaka minne! Na mimi nakilalia kitanda hicho hicho, nakoroma.

Nikamwambia kwamba mimi sijafa. Akasema anashukuru Mungu kwa hilo, na angependa nisife, lakini sasa hata nikifa atakuwa analia kwa sababu moja tu.

Nikaenda kufukuza kuku.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamka na akili mpya. Kilichoandikwa huweza kufutwa.

Nimekwenda kwa karani wa ardhi kutengua. Mbele yangu kwenye mstari, nani? Kinyozi, amejifunika kofia. Tukajifanya hatujaonana, na tulikuwa wawili tu.

Karani amesema kutengua ni rahisi sana, ni fomu moja. Roho ikanirudi. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu mahali pa saini ya mwenye kiwanja. Nikachukua kalamu. Akaifunika fomu kwa kiganja, akaniuliza kwa upole mwenye kiwanja ni nani.

Tumerudi pamoja kwa miguu. Tulipofika kwenye mtaro kinyozi alisema fomu zile ziliandikwa kwa lugha ngumu. Nikakubali, ingawa hakuna kati yetu aliyezisoma.

Jumatatu, 17 Machi

Mpango mpya. Kama hawaniiti kwa hiari, wataniita kwa shida.

Asubuhi, akina mama wakiwa wanapakua magunia, nimeulegeza mkanda wa mashine. Kidogo tu. Nikaketi kibarazani na gazeti, nikajiandaa kuombwa. Mota ikanguruma, mkanda ukateleza, mashine ikasimama. Nikakunja gazeti. Nikakohoa kidogo, ili nisisahaulike.

Sijamaliza kukohoa, shemeji ameshazima umeme, ameshachukua spana, ameshakaza. Amejifunza wapi? Nimemuuliza. Amesema afisa wa mradi aliwafundisha wote siku tatu mfululizo kabla mashine haijaletwa, hata mke wangu anajua kuifungua na kuifunga. Kisha akasema cha ajabu ni kwamba nati ile hailegei yenyewe. Akanipitishia macho, mwili mzima, mpaka kwenye ukucha wenye grisi.

Nilidhani atanisema kwa mke wangu. Hakusema. Mchana akanitengea chakula kama wengine, akaniita shemeji, akaniuliza kama chumvi imetosha. Nilitaka kumwambia jambo kuhusu kile kitanda. Nikamwambia chumvi imetosha.

Jioni wamenipa kazi rasmi. Kubeba mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa, kuyapeleka kwa wafugaji. Nimekataa papo hapo. Karani wa bohari abebe makapi! Kinyozi amekubali. Wamempa kofia yenye jina la kikundi.

Sina usingizi na hata jua halijazama.

Jumatano, 19 Machi

Siku njema kuliko zote mwaka huu. Naandika nikiwa natabasamu.

Jana nilisikia dirishani kwamba mashine inakula alizeti kuliko wanavyoweza kununua. Kikundi kinataka shamba la kulima chenyewe. Na sharti? Lile lile, hati iwe na jina la mwanakikundi. Nikacheka. Wanadhani mimi ni mtoto! Mara hii najua kabisa sharti linatoka kwa nani na linatafuta nini. Mtu akikujua huwezi kumchezea mara ya pili.

Lakini nikawaza. Shamba litahitaji msimamizi. Mota sijui, hilo nakiri, lakini ardhi? Ardhi haina nati. Nina ekari mbili alizoniachia baba kule njia panda, na kinyozi ana moja na nusu. Leo alfajiri nimemwona kinyozi anapita na bahasha ya kaki, kavaa kofia yake, anatembea kwa mwendo wa mtu anayekwenda ofisi ya ardhi.

Nimemfikia kwenye mtaro. Nimempita. Mzee wa miaka hamsini na tatu, ndani ya suti, nimekimbia!

Nimekuwa wa kwanza dirishani. Hati inatoka Jumatatu, tayari nimemwonyesha mke wangu risiti. Safari hii hakulia. Ameniangalia sana, kama mtu anayetaka kunishika bega na kunieleza jambo, kisha akaona aache. Amenimiminia chai mwenyewe. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nina kipande kingine chochote cha ardhi.

Bahati nzuri nimekumbuka kile cha bondeni.