Salamu za Dakika Arobaini

Jumatatu, 4 Agosti

Barua pepe kutoka makao makuu, ng'ambo. Wanauliza, kwa adabu kabisa, kazi yangu ni nini hasa. Miaka sita mimi ni Afisa Kiungo kati yao na tawi letu, leo ndiyo wanauliza! Alhamisi anakuja mgeni, mama mmoja wa huko, kuamua kama tawi bado linahitaji kiungo. Kwa maneno mengine, unga wangu uko hatarini kumwagika. Na kiti changu cha dirishani, kile kinachozunguka, nacho kitakwenda.

Tawi linahitaji! Nani mwingine anajua kwamba wale wakinyamaza kwenye mkutano wa video wamekubali, na sisi tukinyamaza tumekataa? Nimepima kwa saa ya mkononi. Wao sekunde nne, sisi kumi na moja. Yote yamo kwenye daftari langu jekundu. Kitu kimoja tu bado kinanishinda: kwa nini mchana wanakula peke yao, kila mtu na meza yake? Nakosa raha kwa kutokujua.

Mke wangu kashauri nimwonyeshe mgeni kazi ninayofanya, basi. Mama mkwe, huku akisugua goti lake, akauliza kwani ni kazi gani. Nikajifanya sijasikia.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata mpango. Mkutano uharibike kidogo, nami niingie kuuokoa. Kidogo tu!

Asubuhi nilimwendea Bosi, mtu ambaye salamu zake huanzia kwa babu zako. Nikamweleza kuwa watu wa makao makuu salamu zinawaudhi. Huingia, huketi, husema jambo la kwanza. Bosi akashangaa watu wanaishije hivyo, lakini akaandika.

Mchana nikampigia mgeni. Nikamwambia huku kwetu kazi haianzi mpaka kila mtu aulizwe hali yake: usingizi, watoto, wazazi, hata maradhi. Kumruka mmoja ni tusi. Nikamtumia orodha ya wafanyakazi kumi na tisa pamoja na maumivu yao. Akashukuru sana.

Hakuna anayebadili tabia kwa siku mbili. Watajaribu, watakwama, wataniita. Nimelala mchana kwa furaha, kitini.

Jumatano, 6 Agosti

Bosi anatufanyisha mazoezi. Tunapishana kwenye korido kimya, macho mbele. Dereva akauliza kwa huzuni nani amefariki.

Dada wa mapokezi, ambaye siku zote hujibu simu zangu kabla sijafika, akanikata jicho. Akataka kujua kama nimetia mkono. Nikamwambia haya ni masuala ya utamaduni, hatayaweza. Akaniambia yeye ameongea na yule mgeni mara tatu, na hakumwona na matatizo yoyote. Wivu tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku gani hii!

Mgeni alifika saa tatu kamili, karatasi mkononi. Akaanzia getini. Akamuuliza mlinzi amelalaje. Mlinzi akarudi hatua mbili. Akamuuliza dereva habari za jino lake, akamuuliza dada wa mapokezi habari za mapacha. Hakuna aliyethubutu kujibu zaidi ya kutikisa kichwa, maana Bosi alikataza. Dakika arobaini! Hakuchoka. Nilikuwa nimetegemea achoke.

Bosi alikuwa kwenye chumba cha mikutano, kakaa wima. Mgeni akamuuliza amelalaje. Bosi akasema jambo la kwanza ni ghala. Mgeni akauliza presha ya mama yake. Bosi, jasho jembamba likimtoka, akasema jambo la pili ni magari. Nikasimama mlangoni, nikaweka tai sawa, nikangoja kuitwa.

Sikuitwa. Dada wa mapokezi aliingia na chai, akauliza jamani, nani kawafundisha haya? Wote wawili wakaninyooshea kidole.

Kimya. Nikatazama saa. Si sekunde nne, si kumi na moja. Kumi na tisa! Sijawahi kukutana na kimya cha namna hiyo, na bado sijui maana yake. Kisha wakacheka mpaka Bosi akavua miwani. Halafu wakaongea saa mbili nzima, mlango umefungwa, mimi nje.

Jioni mgeni alipita kwenye kiti changu. Akasema kwenye orodha nimejisahau mwenyewe, akaniuliza habari za nyumbani. Sijui kilichonipata. Nikamweleza yote, mpaka goti la mama mkwe. Miaka sita, hakuna mtu wa makao makuu aliyewahi kuniuliza.

Nikapiga moyo konde, nikamuuliza kwa nini wanakula peke yao. Akafikiri. Akasema yeye hapendi hata kidogo, ila kila mmoja hudhani wenzake ndio wanaopenda, na hakuna aliyewahi kuuliza. Nimeliandika hilo na kulipigia mstari mara mbili.

Jumatatu, 11 Agosti

Barua imefika. Cheo cha Afisa Kiungo kimefutwa, maana pande zote mbili sasa zinaelewana vizuri. Simu za makao makuu atapokea dada wa mapokezi. Lakini mgeni ameandika kwamba mimi ni mtu anayewatazama watu kwa makini kuliko wote aliowahi kuwaona, kwa hiyo nisiachishwe kazi. Nitaunganisha ofisi za ghorofa ya tatu na ghala la chini. Kiti kipya hakizunguki.

Nimenunua daftari la kijani. Wa ghalani wanapiga kelele. Wa juu wananong'ona. Kwa nini? Inasisimua!

Nimekwisha kumwambia mkuu wa ghala kwamba wa ghorofani husikia mnong'ono tu. Wa ghorofani nimewaambia kuwa ghalani sauti ndogo ni dharau. Wanakutana kesho saa nne. Nitasimama mlangoni, tai ikiwa sawa.

Safari hii lazima waniite.