Laptopu, ya Mezani, na Msumeno

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi katangaza kwenye chai: ananunua kompyuta moja. Moja! Mimi niharirie video za harusi, mwanawe aandikie programu. Tukubaliane wenyewe, laptopu au ya mezani. Mwanawe tunamwita Mabano, maana kutwa anatafuta bano lililopotea kwenye programu zake. Kasema ya mezani ina nguvu, haichemki ovyo, na kitu kikifa unabadilisha hicho tu. Kweli tupu. Ndiyo maana nikapinga. Ya mezani itakaa sebuleni, na Mabano huamka kabla yangu. Laptopu naingia nayo chumbani, komeo! Mama wa bibi harusi anataka video yake Jumamosi. Nikiiwahisha, harusi ya binti yake wa pili ni yangu. Nikichelewa, anampa mpiga picha wa ng'ambo ya barabara. Yule mwenye kofia!

Jumanne, 4 Machi
Nimeazima msumeno kwa fundi seremala. Meza ya sebuleni nimeipunguza shubiri moja. Shangazi nikamwambia ni mchwa. Akauliza tangu lini mchwa wanakata kwa mstari ulionyooka. Nikasema mchwa wa siku hizi wamesoma. Akaguna, akapima. Ya mezani haienei. Laptopu! Mabano kanuna mpaka usiku.

Jumatano, 5 Machi
Imefika. Nyembamba, inang'aa. Nimeishika dakika nne. Mabano akaniuliza, kwa upole wa kutia shaka, uzuri wa laptopu ni nini hasa. Nikajibu kwa sauti, Shangazi asikie: unaibeba popote. Akaibeba. Kaenda nayo kazini! Shangazi kasema si ndiyo maneno yako hayo.

Alhamisi, 6 Machi
Laptopu imerudi bila chaji. Chaja kaisahau ofisini, kesho ataikumbuka. Mama wa bibi harusi kapiga simu mara tatu. Nikamwambia imebaki kupambwa tu. Video yenyewe sijaigusa! Basi heri ya mezani, haibebwi kazini. Laptopu nikaianika dirishani saa nzima, jua kali, nikamwita Shangazi aguse. Akarudisha mkono mbio. Nikasema laptopu ndivyo zilivyo, zitatuunguzia nyumba. Akauliza mbona imezimwa. Nikasema hapo ndipo penye hatari yenyewe. Kesho anaibadilisha dukani.

Ijumaa, 7 Machi
Ya mezani imekuja! Inafungua video kabla sijakaa vizuri. Tatizo, haienei kwenye meza ya sebuleni. Mabano alicheka hadi akakaa chini. Meza pana imebaki moja tu, ile ya Shangazi ya kukatia vitambaa, kibandani kwake pale mbele, wateja wake wamejaa. Na mteja aliyefuata kupimwa gauni? Mama wa bibi harusi. Akavuta kiti nyuma yangu.

Jumamosi, 8 Machi
Hajaondoka. Kasema wifi yake atolewe kwenye video. Nikamtoa. Akasema yeye mwenyewe aongezwe pale anapocheza. Nikamwongeza mara tano. Saa kumi na moja jioni video imekwisha, akalia kwa furaha, na harusi ya pili kanipa! Kwa sharti nihariri hapa hapa, yeye akiwa nyuma yangu. Wifi naye kapata habari. Anakuja Jumatatu na kiti chake.

Jumapili, 9 Machi
Nimefikiri kwa utulivu. Kosa lote ni la meza ya Shangazi, ni pana mno. Nimekwenda kwa fundi seremala kuazima tena msumeno. Shangazi keshamsimulia, maana kaniuliza mchwa wamehamia wapi sasa. Nikamwambia kibandani.