Mkalimani wa Filamu ya Projestus

Jumatatu, 4 Septemba 1972. Kibeta.
Hatimaye haki yangu imefika Bukoba! Jumatano linaanza tamasha la filamu, na ya kwanza kuonyeshwa ni filamu ya maisha ya Projestus, kijana wa Kishanda anayepiga gitaa la roki Uingereza. Wazungu walipokwenda Kishanda mwaka jana na kamera yao, niliwafuata huko nikawahutubia mchana kutwa. Nilieleza jinsi nilivyomfundisha gitaa. Kwa kweli nilimfundisha namna ya kulibeba. Lakini nani hupiga asichokibeba?

Na wilaya inaunda bendi. Kamati ya utamaduni inatafuta kiongozi. Wakishaniona kwenye filamu, basi! Kagaruki naye anaitaka nafasi hiyo. Kagaruki! Mtu anayepuliza tarumbeta kama anapoza uji.

Jumanne, 5 Septemba.
Nimempelekea mwenyekiti wa kamati, Mzee Byabato, kahawa ya kutafuna. Nikamkumbusha kwamba filamu ni ya Kiingereza, wananchi wataambulia picha tu. Nikajitolea kutafsiri kwa kipaza sauti. Akasema huo ndio ujamaa. Nikainamisha kichwa. Kagaruki, aliyekuwa amekaa pembeni, akakohoa.

Mke wangu Kokubanza aliomba kuja. Haiwezekani. Leo na kesho ni zamu yetu kwenye shamba la ujamaa, na mmoja lazima alime. Akachukua jembe bila neno. Mke mwema, ila hana mazungumzo.

Jumatano, 6 Septemba.
Maafa.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nikatokea kwenye pazia la sinema, mkubwa kama nyumba. Watu wakapiga makofi. Lakini sauti yangu wameifuta! Mdomo unafunguka na kufungika kama sato aliyetolewa ziwani, huku linalia gitaa la Projestus. Ukumbi mzima ukacheka. Wa kwanza Kagaruki.

Kisha Projestus, nywele hadi mabegani, akaulizwa nani alimfundisha. Akasema kwa Kiingereza: jirani yetu Kishanda, binti aitwaye Kokubanza, mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu, ambaye baadaye aliolewa na mtu mmoja mwenye maneno mengi.

Mtu mmoja! Hata jina hakunipa!

Nikatafsiri upesi: anasema alifundishwa na Rugemalira, yaani mimi. Lakini jina Kokubanza halihitaji mkalimani. Bibi mmoja akaniuliza kwa sauti kwa Kihaya kama siku hizi naitwa Kokubanza. Mzee Byabato akaninyang'anya kipaza sauti.

Alhamisi, 7 Septemba.
Kamati imekuja nyumbani. Si kwangu. Kwake. Wamebeba gitaa jipya la bendi. Kokubanza akanawa udongo wa shambani, akakaa kwenye kigoda, akapiga. Sijui niandike nini. Wanangu walikuwa wanamtazama kama mgeni. Mzee Byabato alivua kofia. Kagaruki alilia waziwazi, mnafiki!

Walipoondoka nikamuuliza kwa nini alinificha miaka yote hii.

Akasema, "Nikufiche nini, Baba Joviana? Tulipooana nilikuja na gitaa. Ukasema nyumba hii haina nafasi ya makelele ya watu wawili. Nikampa Projestus."

Mimi sikumbuki. Mwanamume ana mambo mengi ya kukumbuka.

Nikamuuliza, kwa upole kabisa, yeye alifundishwa na nani. Akasema marehemu Sista Georgina, mtawa wa misheni. Akaenda kulala. Ndizi nikajipikia mwenyewe. Zimeungua.

Jumamosi, 9 Septemba.
Kokubanza ni kiongozi wa bendi. Kagaruki ni msaidizi wake. Kamati imenipa kazi ya kubeba gitaa, kwa kuwa, alisema Mzee Byabato, hilo nalijua.

Jumapili, 10 Septemba.
Kanisani leo nilitafakari sana. Mtu anayefuata haki hakati tamaa. Baada ya misa nikawaambia wazee, taratibu, kwamba watu hawaijui historia. Kokubanza alifundishwa na Sista Georgina, sawa. Je, Sista Georgina alifundishwa na nani?

Wakanyamaza. Nimeona kabisa wameanza kuamini. Na marehemu habishi.